Chaki ya Dada

Kila asubuhi, kabla ya kwenda chuoni, dada alitoa kipande cha chaki mfukoni, akakipuliza kama mtu anayepoza chai, kisha akainama kwenye sakafu ya karakana ya baba na kuanza kumfuata mjomba. Mjomba akienda stoo ya nyuma kuchukua ubao, chaki nyuma yake. Akirudi kwenye msumeno ulio mlangoni, chaki nyuma yake. Hata akienda kunywa maji, mstari ulibaki sakafuni.

"Injinia, na chooni tutaongozana?" mjomba aliuliza siku ya kwanza, akicheka.

Baadaye hakucheka tena.

Dada alikuwa mwaka wa tatu, akisomea uhandisi wa mitambo. Muhula ule waliongezewa somo la usimamizi na biashara, na kila mwanafunzi alitakiwa kuchunguza sehemu moja ya kazi, aeleze kinachoichelewesha na jinsi ya kukiondoa. Yeye alichagua karakana ya nyumbani, wanapotengeneza vitanda na milango. Na katika karakana ile, ukimtoa baba mwenyewe, aliyekuwapo wa kuondolewa ni mmoja tu.

"Nilimpeleka akasomee mashine," baba alinung'unika mezani pake. "Nani kamwambia asomee watu?"

Mezani pake palikuwa katikati ya karakana. Meza yenyewe ilikuwa pana kama kitanda cha watu wawili. Hapo ndipo baba alipopokea wateja, na hapo ndipo alipomwona kila anayeingia, anayetoka na anayepumzika. Hakuna aliyewahi kuigusa bila ruhusa.

Mdogo wake dada, ambaye nyumbani walimwita Kimya kwa sababu maneno yake yalikuwa ya kuhesabika, aliyaona yote haya kutoka dirishani, kitabu magotini, hasomi. Jioni moja alimsikia dada akiongea kwa simu na mwanafunzi mwenzake nyuma ya kamba ya nguo.

"Mjomba anatembea kutwa nzima, mwenzangu. Kitanda kimoja tu, utadhani anakwenda safari. Hapana, bado sijawaambia. Nikisema, hapa patachimbika."

Kimya alimfikiria mjomba. Mjomba alikuwa akilala kwenye chumba cha uani tangu wao hawajazaliwa. Hakuwa na mke wala kwingine pa kwenda. Ndiye aliyewafundisha wote wawili kushika nyundo bila kujigonga vidole. Jioni ile ile, karakana ilipofungwa, Kimya alichukua kitambaa chenye maji akaifuta mistari yote. Kesho yake dada alisimama mlangoni, akaitazama sakafu iliyong'aa, akamtazama mdogo wake. Akapuliza chaki, akaanza upya.

Mjomba naye alianza ujanja wake. Ili atembee kidogo, alibeba mbao kwa mafungu, shingo imevimba mishipa. Fungu la tatu lilimponyoka, kona ya ubao ikagonga meza ya baba.

"Shemeji, umelewa?" baba alifoka.

"Nimelewa chaki," mjomba alijibu, akishika kiuno.

Jumamosi Kimya alimkuta mjomba chumbani mwake akiviringisha randa yake ndani ya shati kuukuu na kuitia kwenye mfuko wa safari pamoja na patasi.

"Mjomba, unakwenda wapi?"

"Naondoka na heshima yangu, mwanangu. Sisubiri kufukuzwa na mtoto niliyembeba mgongoni."

Kimya aliingia karakanani karibu akimbie. Dada alikuwa amesimama juu ya kigoda, mikono kiunoni, akiitazama sakafu kutoka juu. Mistari ilitoka stoo imenyooka, ikafika katikati, ikapinda yote kama mto uliokutana na jabali, ikazunguka, ndipo ikaufikia msumeno. Baba alikuwa amekaa pale pale katikati, karatasi mkononi, akijifanya hasikilizi. Mjomba alisimama mlangoni na mfuko wake begani.

Kimya alisogea karibu na kigoda. Hakuwahi kuuliza jambo mbele ya watu wazima wote pamoja.

"Dada, unataka kumtoa nani humu?"

Dada alimtazama mjomba, akamtazama baba, akashuka kigodani taratibu.

"Simtoi mtu," alisema. "Naitoa meza ya baba."