Fimbo ya Deo haiuzwi tena

Papa Kasongo, muuza vifaa vya uvuvi hapa Isipingo, ameniambia leo mchana kwamba fimbo ya kuvulia niliyoichagua haiuzwi tena.

Nilitaka fimbo nyepesi, ya rili ndogo ya kukunjia uzi, inayohisi samaki wa besi akigusa tu chambo.

Kwake tunajaribu hivi: yeye anaweka ncha kooni na kuongea, wewe unashika mpini, umefumba macho. Fimbo nzuri inakuletea sauti mkononi.

Ya kwanza ilikuwa ngumu kama mti wa ufagio.

Ya pili ilitetemeka kiganjani, polepole, kama mtu anayeita kutoka mbali.

"Hii ndiyo. Endelea kuongea, Papa."

"Niko kimya, ndugu yangu. Ncha iko hewani."

Nikafumbua macho. Kweli.

(Kabla hamjauliza: feni ilikuwa imezimwa, na nje hapakuwa na lori.)

Mkewe, Mama Neema, aliyekuwa akitucheka, akainyoshea fimbo kidole. "Ile canne ni ya Deo."

Deo alizama bwawani mwaka jana. Mwili haujapatikana. Dada yake ndiye aliyeileta iuzwe.

Mama Neema akampigia simu palepale, akamweleza. Nyinyi mngemwambia, au mngenyamaza?

Dada mtu aliuliza jambo moja tu: "Bado inaita?"

Anakuja Jumamosi saa nne asubuhi, aishike mwenyewe.