Wimbo Wangu Umemfanya Mama Mjane

Admin, naomba jina langu libaki kwako. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, naishi na mama yangu Gungu, hapa Kigoma. Tulivuka ziwa kukimbia vita Kongo nikiwa na miaka sita. Tulikaa sana kambini, baadaye tukahamia mjini, mama akaanza kuuza dagaa sokoni Kibirizi.

Baba hakufika. Mtumbwi ulikuwa umejaa kupita kiasi, ukapinduka tukiwa tunaiona nchi kavu ya Ilagala. Wavuvi wakatuokoa mimi na mama, baba hakuonekana tena na mwili haukupatikana. Kuna mtu alikuja kumwambia mama kwamba amemwona mwanaume anayefanana naye Zambia, kule ziwa linakoishia. Mama akashika hilo hilo. Hakuweka matanga. Wanaume waliokuja kumposa aliwajibu, "Mimi nina bwana."

Sasa mimi ni mwimbaji. Najua mtacheka. Tuna bendi ya watu watatu, tunapiga deth metal, ule muziki wa magitaa mazito na sauti ya kunguruma kutoka tumboni. Albamu ya kwanza ilikuwa mambo ya mafuvu na mizimu. Vijana wa mjini waliipenda, kanisani wakaniombea, yakaisha.

Albamu ya pili nilitaka iwe ya kweli. Tuliirekodi Ujiji, chumbani kwa mpiga ngoma wetu, nitamwita Juma, magodoro tumeyasimamisha ukutani. Katika wimbo wa mwisho nilitaja jina la baba, nikasema alizama, nikamwambia alale. Nilipomaliza nililia sana. Nilihisi nimemzika.

Sikumhofia mama, maana nikinguruma hata Mswahili hashiki neno. Lakini Juma aliyaandika maneno yote chini ya wimbo mtandaoni.

Watu wa nje waliisifia. Mmoja wa Ulaya alisema hajawahi kusikia sauti ya kutisha kama yangu, akauliza natumia mashine gani. Vijana wa hapa waliikataa, eti ina huzuni mno, huwezi kuicheza ukirukaruka. Ila watu wa kwetu, tuliovuka nao, wao waliyasoma maneno.

Jumamosi moja asubuhi akina mama wa kwetu waliingia uani wamejifunga kanga, wakakaa chini, wakaanza kulia. Mama akatoka na ungo wa dagaa mkononi. "Nani amekufa?"

Mmoja akamkumbatia. "Pole, dada. Tumesoma kwa binti yako. Kumbe mlipata habari mkanyamaza."

Mama hakupiga kelele. Aliwapa chai, wakanywa, wakaondoka. Ndipo akanigeukia.

"Baba yako iko muzima. Nani alikutuma umuzike?"

"Mama, ni miaka ishirini na tano sasa."

"Hata iwe mia! Asubuhi niliamuka nina bwana. Sasa niko mujane, na ni mutoto wangu amenifanya."

Tangu siku ile hajakanyaga Kibirizi, anasema kila anayemwona anampa pole. Chakula anaonja tu. Zamani simu ikiita namba ngeni alikuwa anaikimbilia, labda ni Zambia. Siku hizi inaita hadi inakata, wala hageuki. Hilo linaniumiza kuliko maneno aliyonitolea.

Nilitaka kuufuta wimbo. Juma akaniambia, "Futa, lakini uko kwenye simu za watu." Ni kweli.

Juzi mama amenipa sharti. Nisimame kanisani mbele ya watu wa kwetu, niseme nilitunga, baba hajafa. Nikisema hivyo, baba nitamrudisha majini, hana tena mahali pa kulala. Nisiposema, mama anaisha nikimwangalia. Tena, ndugu wasomaji, naona hata nikisema hakuna kitakachopona. Yeye mwenyewe ameshauamini ule wimbo, nadhani ndiyo maana hageuki simu ikiita.

Ibada ni Jumapili hii. Nyie mliopoteza mtu na hamna kaburi la kwenda kupalilia, naomba mnijibu ninyi kwanza: nisimame nidanganye, au ninyamaze nimwache mama hivi alivyo?