Mchezo wa Tuseme

Jumanne iliyopita nilimkaripia binti yangu bure tu. Tulikuwa jikoni kwetu, mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, mimi nakata sukuma wiki, yeye ameegemea friji anakula ndizi, akaniuliza vile watoto huuliza, "Mami, kama ungeambiwa uhame hapa, ungeenda kuishi na nani?" Nikakibwaga kisu, nikamwambia aniondolee upuzi wake akafanye kazi ya shule. Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji baridi, akatoka polepole. Mimi nikabaki pale, nikashangaa kwamba jambo la zamani hivyo bado lina moto.

Acha nikueleze, maana kama ulikulia kwenye ploti kama yetu utanielewa upesi.

Tulikaa Kariobangi, katika ploti ya vyumba vilivyotazamana, bomba moja katikati ya ua na kamba za nguo juu ya vichwa vyetu. Hatukuamshwa na jogoo, tuliamshwa na nyundo. Mafundi wa jua kali nyuma ya ukuta walianza kugonga mabati kabla hatujanawa uso, wakitengeneza majiko na masanduku ya wanafunzi wa bweni, na ukizoea kelele ile, siku ya Jumapili ikinyamaza unaona kama kuna msiba. Jioni kila mlango ulikuwa na jiko lake la makaa nje, na kila jiko lilikuwa na omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Nikipita sokoni leo nikanusa omena zinazokaangwa kwa nyanya na kitunguu kingi, miguu yangu hutaka yenyewe kukata kona kuelekea ile ploti.

Baba alifanya kazi katika kiwanda cha plastiki huko Baba Dogo. Mama aliwafulia watu nguo. Tulikuwa watoto watatu: dada yangu mkubwa, mimi katikati, na ndugu yetu mdogo ambaye hakuwa ameanza shule. Kama majirani wengi pale, wazazi walikuwa wametoka magharibi, na nyumbani walichanganya Kiluhya na Kiswahili, sisi tukachanganya Kiswahili na Sheng, tukaelewana hivyo hivyo.

Raha yetu kuu haikuwa brikicho wala kuruka kamba, ingawa hayo pia tulicheza mpaka giza likatufukuza. Raha yetu ilikuwa Mama akichagua maharagwe. Aliketi kwenye kigoda, sinia mapajani, sisi tumemzunguka, vidole vyake vikitoa mawe bila yeye kutazama. Kisha angesema, "Kuuliza si ujinga. Tuseme..." Hapo hata dada yangu, aliyejiona mkubwa, alisogea karibu.

Tuseme Mto Mathare ungekuwa chai ya maziwa, wewe ungeleta nini? Dada alisema angeleta sufuria kubwa akauze. Mimi nilisema ningeleta sukari, maana kila mtu angekuja na kikombe na hakuna angekumbuka sukari. Mama alicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Ndugu yetu akasema yeye angeleta Mama. Tuseme ungeamka ukiwa mrefu kuliko nguzo ya stima, ungechungulia wapi kwanza? Tuseme wanyama wangeenda kanisani, nani angelala wakati wa mahubiri? Baba, aliyekuwa ndani na redio yake, angepaza sauti: "Tuseme mngekuja kulala!"

Mimi ndiye niliyekuwa bingwa. Sisemi kwa majivuno, kila mtu pale alijua. Shuleni sikuwa wa kwanza wala wa mwisho, mbio sikuziweza, lakini Mama akisema Tuseme nilikuwa na jibu lenye mkia na pembe, na nilivyomwona akitikisa kichwa kwa furaha nilijiona nimepewa kombe. Nadhani sijawahi kupendwa na mtu yeyote vile nilivyoamini kwamba mama yangu ananipenda wakati nikimjibu.

Nilipokuwa darasa la nne, Baba alianza kushinda nyumbani siku za kazi. Alituambia yuko likizo. Hatukuuliza zaidi; mtoto anafikiri likizo ni kitu kizuri kwa kila mtu. Omena zilipungua, nyanya zikaisha kabisa, na Mama akaanza kumchukua dada yangu Jumamosi ili wafue pamoja.

Katika majuma hayo ndipo Mama alipouliza, sauti ile ile, sinia lile lile mapajani: "Tuseme mmoja wenu angeenda kuishi na Senge kule Kakamega. Nani angekuwa jasiri?"

Senge ndivyo tunavyomwita shangazi, dada ya baba. Wetu alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto, na tulimwona tu tukienda ushago, kijijini kwao baba, wakati wa Krismasi. Ndugu yangu alianza kulia pale pale. Dada aliinama akafunga kamba ya kiatu. Mimi nilinyoosha mkono kama niko darasani.

"Mimi!"

"Wewe? Na ungefanya nini huko?"

Nikafungulia maneno kama maji ya bomba. Nikasema ningemfundisha ng'ombe wa Senge Sheng, nimsalimie niaje kila asubuhi mpaka aitikie. Ningepanda kila mti wa mapera na kuupa jina la jirani yetu. Ningelala kitanda kizima peke yangu, kichwa upande wa miguu, miguu upande wa kichwa. Niliendelea na kuendelea. Mama hakucheka kama siku zote. Alinitazama tu, akasema, "Kweli wewe ni jasiri." Redio ndani ilikuwa imezimwa.

Shule zikafungwa, na Senge akaja kunichukua. Nikaambiwa naenda likizo. Sasa ninapofikiria siku zile za mwisho, naona mambo ambayo hata mtoto angeyaona kama hangekuwa na furaha nyingi. Mama wa mandazi, mwanamke mkali ambaye hakuwahi kumpa mtu hata kipande kilichoungua, alinipa mandazi mawili na akakataa pesa. Jirani wa mlango wa pili alinikumbatia akanishikilia mpaka nikaona haya. Dada yangu alinipa sweta yake nzuri, ile ya kanisani, na nilipomwuliza kwa nini, akasema imembana. Haikuwa imembana. Ploti nzima ilijua. Watu wazima na watoto, wote walijua isipokuwa mimi, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo.

Mama alinifungia nguo zangu zote. Nilimwambia nguo zote za nini, likizo ni fupi. Akasema huko kuna matope.

Asubuhi ya kwanza ushagoni, Senge alinipa uji wa mtama, kisha akatoa kabatini sare ya shule. Ilikuwa ya kijani, mpya, bado ina harufu ya duka.

"Hebu vaa nione kama fundi alikosea."

"Senge, ni likizo."

"Najua. Lakini ikiisha je?"

"Ikiisha narudi kwetu."

Senge aliketi kwenye kitanda. Alikuwa mwanamke mpole, wa maneno machache, na niliona uso wake ukibadilika kidogo kidogo, kama mtu anayesikia mlango ukigongwa na hajui ni nani.

"Hawakukuambia?"

Sare ilikuwa mkononi mwangu.

"Mama yako aliniapia kwamba alikuuliza," akasema. "Kwamba wewe mwenyewe ulikubali, tena ukafurahi. Mimi singekuchukua vinginevyo, mwanangu."

Ilinichukua muda kuelewa ni swali gani hilo nililoulizwa. Nilipoelewa nilihisi aibu kwanza, kabla ya uchungu. Nilikumbuka yule ng'ombe na ile niaje, na miti ya mapera yenye majina ya majirani, nikaona jinsi nilivyokuwa nikijipigia debe.

Senge hakunitendea ubaya wowote. Alinipikia mboga ya mrenda na kunisuka nywele, na usiku wa radi alinihamishia kitandani kwake. Kama angekuwa mbaya ingekuwa rahisi, ningemchukia yeye. Lakini hakuwa mbaya, kwa hiyo chuki yote ilikosa mahali pa kukaa ikarudi Kariobangi.

Mama alikuja Krismasi, na mkate na rinda la maua. Nilijificha kwenye zizi la ng'ombe. Alinifuata, akasimama mlangoni na viatu vyake vya mjini vikizama kwenye samadi. Kisha akaijaribu ile sauti ya mchezo.

"Tuseme mama fulani angekuja kutoka mbali..."

Niliziba masikio. "Usiniulize! Mama, usiniulize kitu!"

Nilipoyazibua nilisikia viatu vyake vikirudi nyumbani. Miaka baadaye ndugu yangu aliniambia kwamba hata kwao mchezo uliisha mwaka ule. Maharagwe yalichaguliwa kimya kimya.

Nilirudi Nairobi nilipomaliza darasa la nane. Nilipokewa vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza: nilipewa kikombe cha wageni. Sheng niliyoondoka nayo ilikuwa imezeeka. Nilimsalimia rafiki yangu wa zamani kwa neno tulilolipenda, wenzake wakacheka wakaniita mshamba. Ndugu yangu alinipisha kitandani kwa adabu, kama mtu anavyompisha mhubiri. Nilikaa, nikasoma, nikapata kazi, nikaolewa. Nikamheshimu mama yangu kama inavyotakiwa. Baba tulimzika na sikuwahi kumwuliza neno.

Lakini baada ya Jumanne ile nilijua siwezi tena kulificha swali langu. Jumamosi nikaenda Kariobangi. Mama bado anaishi huko, si kwenye ploti ile, maana pale pamesimama gorofa yenye roshani zilizojaa nguo, ila mtaa wa pili kutoka hapo. Nyundo za mafundi bado zinasikika kutoka dirishani kwake. Alinitengenezea chai. Nikamwuliza bila kuzunguka.

"Mama, kwa nini mlinidanganya nikaenda kwa Senge?"

Hakushtuka. Nafikiri alikuwa amelingoja swali hilo kwa muda mrefu kuliko mimi nilivyokuwa nimelibeba.

"Senge alikupiga?"

"La."

"Ulilala njaa?"

"La, Mama."

"Hapa ungelala. Baba yenu alikuwa amefutwa kazi. Na mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza kwa mchezo."

Akageuza kikombe chake mezani, akakigeuza tena. Mikono yake siku hizi ina mafundo kama mizizi, mikono ya mtu aliyefua nguo za watu maisha yake yote.

"Ningekuuliza kwa ukweli ungekataa," akasema.

"Ndiyo. Ningekataa."

"Na ungekataa, singeweza kukupeleka. Nilijijua. Na mtu mmoja alikuwa lazima aende."

"Kwa nini mimi?"

"Dada yako alinisaidia kufua. Mdogo wako angeugua kwa kulia. Wewe..." Nikaona anatafuta neno ambalo halitaniumiza, na halikuwepo. "Wewe ulijibu vizuri."

Hakuomba msamaha, na mimi sikumwambia nimemsamehe. Tulikunywa chai. Aliniuliza habari za mume wangu, nikamwuliza habari za goti lake. Nilipoondoka alinisindikiza hadi barabarani akiwa amenishika mkono, kwa sababu ya goti au kwa sababu nyingine, sijui, na sikuuondoa mkono wangu.

Watu wa rika langu tukikutana hulilia ploti, bomba, kanisa la mabati, bei ya mandazi ya enzi zile. Mimi pia huyakumbuka hayo. Najiuliza pia, kama ningesema la jioni ile, ningekuwa nani leo. Pengine ningekuwa mama wa nyumbani asiyejua kusoma vizuri, pengine ningekuwa bora kuliko hivi. Hakuna ajuaye. Ila kilichopotea kwangu si ploti. Kulikuwa na mwanamke aliyeniuliza maswali yasiyo na faida yoyote, kwa ajili tu ya kusikia nitasema nini, nami nikamjibu kwa moyo wangu wote bila kutazama nyuma ya neno lake. Tangu siku ya ile sare ya kijani, mtu akinitania, hata mume wangu, huwa ninacheka kwanza, halafu ninatafuta ni kitu gani anataka kuninyang'anya.