Mama Kwisha Chagua

Juzi fundi wa hapa Ruiru aliniwekea mezani nguzo mbili ndogo za ukingo wa ngazi, moja imenyooka, nyingine ina tumbo, akasema, "Mama, chagua basi." Nilikuwa nimemrudishia kazi mara nyingi. Nakiri, mimi ni mtu wa wasiwasi. Kila kitu nakiona kina kasoro. Lakini maneno yale yalinirudisha kwenye alasiri moja ya utotoni.

Baba alikuwa seremala, na siku hiyo alinichukua hadi Thika, kwenye nyumba ya ghorofa ya mfanyabiashara Mhindi. Ndani kulinukia bizari na vumbi la mbao. Baba alipanga nguzo zake chini ya ngazi, akamwambia mke wa tajiri kwa heshima, "Mama, chagua."

Nilidhani ananiambia mimi. Nilipewa jina la mama yake mzazi, kama ilivyo desturi yetu Wakikuyu, na nyumbani hakuniita vingine ila Mama. Nikaikumbatia ile yenye tumbo.

"Hii! Imeshiba."

Baba aliinamisha kichwa, akiogopa kuipoteza kazi. Yule mama akacheka hadi bangili zikalia, akasema kwa Kiswahili chake cha Kihindi, "Haya fundi, mama kwisha chagua!"

Ngazi nzima ikatengenezwa hivyo.

Siku hizi kila fundi huniita Mama, na najua ni adabu tu. Baba alishafariki. Nilipapasa ile yenye tumbo, nikitamani kumsikia yeye akiniita.

"Hii," nikamwambia fundi. "Imeshiba."