Meza ya Wifi Mkasi

Wifi yangu alikuwa kiguu na njia tangu nilipoolewa kwao. Ukimwacha jikoni unamkuta uani. Ukimfuata uani yuko kwa jirani, anapima mapazia ambayo hakuombwa kuyapima. Kwenye karakana tunakoshona sare za shule yeye ndiye mkataji, nasi tulimwita Mkasi, kwa mikono na kwa ulimi. Kisha gari likamgonga, likamvunja mgongo, miguu ikakataa. Muda wote aliolazwa aliniuliza jambo moja tu: "Wifi, nani yuko mezani kwangu?"

"Hakuna," nilimdanganya. Alikuwapo shemeji yake bosi, tena anajifunza upesi.

Siku aliyorudi, nikimsukuma kwenye kiti cha magurudumu, wenzetu walikuwa wamejaa mlangoni. Penye ngazi walikuwa wamejenga mteremko, rafu wamezishusha. Na ile meza kubwa ya kukatia, mpiga pasi alikuwa ameikata miguu yote kwa msumeno wa kuazima.

"Tumekushushia, dada," alisema, machozi yakimlengalenga. Watu wakapiga makofi.

Mkasi akajisogeza. Magoti yakagonga ubao, mikono ya kiti ikakwama ukingoni. "Asanteni," akasema, akakigeuza kiti ubavu.

Nyumbani nilimvaa. "Kwa nini hukusema haifai? Ulimi umeuacha hospitali?"

"Wamelia wakiikata, wifi. Nianzie wapi? Hebu nyamaza, kaka yangu alioa redio."

Basi akawa anakata upandeupande, kiuno kimepinda, mkono mmoja haufiki. Hatulii: mara mbele, mara nyuma, mara anakisukuma kiti kwa hasira kama kimemtukana. Mimi huku kwenye vifungo najichoma sindano kwa kumtazama. Bunda la kwanza la kaptura likatoka mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi. La pili vilevile. Mpiga pasi akawa anazikunja harakaharaka zisionekane, lakini bosi si kipofu.

Akaja kwa upole, na upole wa bosi ndio unaotisha. "Mama, naona unachoka. Pale mapokezi kuna nafasi, uwe unapokea simu. Mshahara uleule." Shemeji yake alikuwa ameshaokota chaki.

"Mimi? Simu?"

"Ni kwa faida yako."

"Faida yangu mmeipimia wapi?" Sauti ilipanda, cherehani zikanyamaza moja moja. "Humu ndani nani anakata suruali bila kumpima mwenye kiuno?"

Akakisukuma kiti mbele, magoti yakagonga ubao.

"Basi meza yangu mlimpima nani? Magoti hayaingii! Nakata nimepinda kama ndoano. Miguu ndiyo iliyokufa, mimi nipo. Mngeniuliza!"

Mpiga pasi alikaa juu ya bunda. "Mbona hukusema, dada?"

"Ningesemaje nawe unalia?"

Nilicheka peke yangu, kisha nikaona aibu.

"Ndiyo hivyo," bosi alisema, "maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayo ni maji. Hizi ni mbao. Vile vipande vya miguu mlivyokata viko wapi?"

"Tunazuilia mlango," mpiga pasi alijibu kwa sauti ndogo. Akaenda akavileta. Halafu akamvua Mkasi utepe wa kupimia uliokuwa shingoni, akapiga magoti sakafuni. "Kaa unavyokaa ukikata, dada. Usijibane."

Akapima kutoka sakafuni hadi gotini, na kutoka gotini hadi kwenye kiwiko, akitaja namba kwa sauti. Mkasi, aliyewapima watoto wa mji mzima, hakujua aweke wapi mikono yake.

"Tulia basi, wifi," nilimwambia.

"Niache. Sijapimwa mimi tangu gauni la harusi." Alijifuta macho kwa kiganja, akamtazama bosi. Bosi akasogea kando ya meza.

Ndipo Mkasi akamnyooshea mkono yule shemeji. "Chaki yangu."