Shemeji Hezekia na Ndoo za Maji ya Baridi

Hiki ninachowaandikia, wapwa zangu, hamtakiamini, na mimi sitawabembeleza. Niliishia darasa la tano kwa sababu walimu waliona nimeshajua vya kutosha, lakini kwa habari za shemeji yangu Hezekia wa Kwai mimi ni profesa kamili. Nawaambieni: pikapu ya huyu bwana ilikuwa inauawa na wema. Si barabara, si uchawi. Wema wa watu, tena kwa ndoo.

Hezekia ni mkulima wa karoti, mwembamba, mpole mpaka anakera. Ukimkanyaga mguu, anayeomba samahani ni yeye. Alimwoa dada yangu Yudith, na baadaye akanunua ile pikapu ya buluu ikiwa kuukuu tayari, wakati Anord, mtoto wao wa kwanza, hajaanza shule. Sasa hivi Anord ana upara.

Masika fulani Yudith aliteleza shambani, nyonga ikavunjika. Iliunga, lakini bodaboda hapandi tena, na kwenye gari za abiria kukunja ule mguu ni mateso. Na kule Bumbuli yupo dada yetu mkubwa, Elizabeti, ambaye macho yamekwisha. Kila mwezi Yudith huenda kumsuka. Wasusi Bumbuli wapo, na wajukuu wana mikono, ila Elizabeti hataki kichwa chake kishikwe na mwingine. Wanakaa barazani, mmoja anasuka, mmoja anasengenya, na mara nyingi anayesengenywa ni mimi. Pikapu ikifa, wale wazee wawili hawaonani tena.

Na pikapu ilikuwa inaunguza gasketi ya hedi. Msiojua magari, hedi ni kile kifuniko kizito cha juu ya injini, na gasketi ni utandiko mwembamba unaokaa katikati, maji yasikutane na oili. Ikiungua, oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, na nyuma unatoka moshi mweupe kama jiko la msibani. Hezekia akabadilisha. Ikaungua. Akabadilisha tena. Ikaungua tena. Anord akapiga simu kutoka Tanga: "Baba, hicho ni chuma chakavu. Uza." Hezekia akasema, "Nimesikia, mwanangu," na kesho yake akaivutisha mpaka Lushoto kwa fundi Saidi.

Mimi nilikuwepo, nimekalia tairi, natoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Saidi aliifungua hedi, akaifuta, akalaza rula ya chuma juu yake na kuinama. "Mzee, njoo uone."

Chini ya rula mwanga ulikuwa unapita.

"Imepinda," Saidi akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nakubadilishia gasketi tu, nikakosea. Ni kama kufunika sufuria kwa mfuniko uliobonyea. Hebu niambie, gari likichemka unafanyaje?"

"Nasimama. Ni kwenye kona moja ukishapita Soni, njia ya Bumbuli. Watu wa pale wananiletea maji."

"Ya vuguvugu?"

"Ya mferejini. Yanauma meno."

"Na unayamimina hapo hapo, injini inawaka moto?"

Hezekia akashangaa kweli kweli. "Sasa, fundi, mama wa watu amekimbia na ndoo kichwani, nimwambie arudi nayo?"

Nilicheka nikaanguka kutoka kwenye tairi. Saidi hakucheka. "Chuma cha moto ukikitia maji ya baridi kinajikunja, mzee. Hii nitaipeleka Korogwe ikachongwe inyooke, lakini imeshakuwa nyembamba. Ikipinda tena haina nyama ya kuchonga. Ndiyo mwisho wa gari."

Shemeji akarudi nyumbani, akamweleza Yudith. Kumwambia mama mmoja "hapana, asante" kwake ni kazi kubwa kuliko kulima eka nzima.

Safari iliyofuata, hedi ikiwa imeshachongwa na kufungwa, nilipanda nyuma, pamoja na karoti. Tumepita Soni, tumeanza kupanda, na kwenye kona ile ile mvuke huo! Hezekia akazima. Kabla hajafungua mlango, mama Halima, mmoja wa wale wa kona hiyo, ameshatokea shambani na ndoo yake, nyuma yake wengine wawili wanakimbia, maji yanaruka.

"Onga mshi, baba Anord!" akasalimu kwa Kisambaa. "Leo tena! Fungua boneti upesi!"

Hezekia alishuka. Akaitazama ndoo. Akamtazama mama Halima anavyohema. Mkono wake, wapwa zangu, niliuona kwa macho yangu, ukaanza kwenda kwenye boneti.

"Baba Anord," Yudith akaita kutoka dirishani, taratibu. Mkono ukasimama. "Mama Halima, mwanangu, ahsante sana. Hayo maji niletee mimi. Leo mwenye kiu ni mimi, gari halijambo."

"Gari linatoka moshi, bibi!"

"Liache lipumue. Una moto jikoni?"

"Upo."

"Basi yabandike, tunywe chai. Sukari ninayo kikapuni. Na wewe Benjamini huko nyuma, shuka, kamtwangie tangawizi, usikae kama gunia."

Wale akina mama walifurahi kuliko siku zote walizomwagia injini. Tukanywa chai pale ukingoni. Hezekia alikuwa anakwenda kuigusa boneti kwa kiganja na kurudi, kama mtu anayempima mtoto homa. Ilipopoa, akaongeza maji ya birika yaliyobaki, vuguvugu, kidogo kidogo. Kisha akawasha. Tukafika.

Elizabeti alikuwa barazani. Hata shikamoo ya Yudith hakuingoja iishe. "Marahaba, umechelewa. Kaa nyuma yangu hapa." Yudith akamfungua kitambaa, akaanza kusuka, na Elizabeti akaanza kunisengenya.

Tangu siku hiyo pikapu haijachemka tena. Juzi juzi imelivuta lori la majani ya chai lililokwama, ikalipandisha mpaka—

"Lori lipi?"

Shemeji amesimama nyuma yangu, na miwani kaivaa.

"Shikamoo, shemeji. Sikukusikia ukiingia."

"Marahaba. Futa. Jumamosi limechemka. Tumesimama, tumekunywa chai kwa mama Halima, tumefika, Elizabeti kasukwa. Hiyo haikutoshi?"

"Inatosha, shemeji."

Haya. Jumamosi lilichemka, wakanywa chai, wakafika, na dada Elizabeti aliposhikwa kichwa alifurahi hata macho yakafunguka kidogo, akaliona gauni jipya la Yudith, akalisifia maua yake, na akaona mpaka—

"Benjamini. Gauni alilipapasa tu."