Jani la Isale Ofisini

Miaka ile ya kupunguza wafanyakazi, wanaume walikuwa wakirudi milimani na mabegi yao, wamenuna. Baba yangu yeye alizuiwa asirudi. Alikuwa dereva wa gari la zimamoto mjini Moshi, na umri wa kustaafu ulishafika. Kule kihambani kwetu, shamba la ukoo huko Kirua Vunjo, mama alishapika mbege, pombe ya ndizi, ya kumpokea. Mara tukasikia kuna sheria ya serikali inayoruhusu mji kumbakiza mtumishi kwa mkataba, ukimhitaji.

Mimi nilikuwa msichana wa kudadisi. Sheria gani hiyo inayomwazima mtu kama jembe, bila hata kumuuliza mkewe? Mama naye alijiuliza hivyohivyo, ila yeye hakuishia kujiuliza. Alikata jani la isale mpakani mwa kihamba, akalipiga fundo, tukashuka mjini.

Kwetu isale ni jani la kuombea msamaha. Ukiletewa, hata kama moyo unachemka, hukatai. Mkuu wa idara alikuwa mtu wa hukohuko milimani, wa Tarakea, anajua. Alipoliona juu ya meza yake alisimama upesi.

“Shikamoo mama. Kwani umenikosea nini?”

“Marahaba. Sijakukosea kitu. Nataka mume wangu.”

Nilitaka kucheka, nikauma mdomo. Yule bwana alilichukua jani kwa mikono miwili, akamrudishia.

“Mama, sheria inaturuhusu kumbakiza, haimlazimishi. Tulimuuliza, akakubali mwenyewe. Isale hii si yangu.”

Mama alilichukua jani lake, akatoka. Tulitembea hadi mtaa wa Majengo, kwenye chumba alichopanga baba. Nilimhurumia, lakini niseme kweli, udadisi ulizidi huruma. Nilitaka kujua baba atajitetea vipi.

Hakujitetea. Alikuwa kwenye kigoda anapiga kiwi buti zake za kazini, akaliona lile jani mkononi mwa mama, brashi ikasimama.

“Nikirudi kule nitafanya nini?” aliuliza. “Ng’ombe wanakujua wewe. Kahawa unaikatia matawi wewe. Nikija sikukuu mnanipa kiti cha wageni.”

Hapo nilikumbuka kile kiti, kile chenye kitambaa cha kufuma. Ni kweli. Hakuna mwingine aliyekikalia ila yeye na padri.

Nilimngojea mama alipuke, maana ulimi wake ulikuwa mkali. Badala yake alipiga goti, akaliweka jani juu ya paja la baba.

“Basi nimekukosea mimi,” alisema. “Nilizoea kuishi bila wewe.”

Baba aliweka brashi chini, akalipokea. Mkataba hakuusaini.

Asubuhi yake ya kwanza nyumbani nilimkuta amesimama uani, anauliza panga linawekwa wapi. Mama alitoka jikoni, akamshika mkono, akaenda kumwonyesha.